Sailensa ya Bitoyo na Sailensa ya Harusi

Mado, mutoto wangu,

Umeenda kuaga wenzako wa kwaya, na mama yako anasema hautarudi mbele ya ugali kuiva. Vizuri. Niko na nafasi ya kusema kitu mpaka mwisho bila mutu kunikata. Tangu juzi kila nikifungua kinywa unasema, "Papa, ni ile bomba tena?" na kila ukifungua yako mimi nasema, "Nani alimufundisha mwenzake kuendesha, mimi ao wewe?" Kiisha mama yako anatoka nje na kufagia kiwanja chenye amekwisha kufagia. Nimechoka kumuona akifagia. Njo maana naandika.

Sitakuambia kula vizuri, wala kusali, wala kuchunga telefone yako mu mitaa ya Kitwe. Mama yako amesema hayo yote, na kesho atayasema tena akiwa ameshika dirisha ya gari ili usiondoke. Mimi nataka kuongea juu ya eksozi tu. Usicheke.

Gari iko pale nje, Peugeot 504 yetu, imepandishwa juu ya matofali kama mugonjwa mwenye kungoja dokta, tumbo wazi. Chini yake kuko majani, na juu ya majani kuko mabomba mbili. Moja yangu, ile ya lori, pana na nyeusi, na sailensa yake fupi, nene kama mutungi. Vidole vyangu vitatu vinaingia ndani na kucheza. Ingine yako, ile ilikuja na basi ikiwa imefungwa mu karatasi kama zawadi ya ubatizo. Mu yako vinaingia vidole viwili, na sailensa yake ni ndefu, kimya, inangaa. Kesho asubuhi ba Kalaba atakuja na mashine yake ya kuchomea vyuma, atakohoa, kiisha atauliza, "Tunaweka ipi?" Na sisi tutaanza tena mbele ya majirani, wale wenye juzi walileta hata viti.

Basi nieleze mambo yangu yote mara moja, kwa utaratibu, kama mutu mwenye akili. Unajua si kazi yangu ya kila siku.

Sailensa ya kwanza ya gari hii, ile iliyotoka nayo kiwandani, haikufa kwa uzee. Niliiua mimi na bitoyo. Kila mutu wa hapa anayebeba ile samaki ya chumvi, bitoyo, anajua kutandika nailoni chini ya vikapu. Mimi pia nilijua. Lakini nailoni inateleza, vikapu vinatembea, na Bana Chanda, yule mama wa samaki wa Kabuta, alikuwa ananilalamikia kwamba samaki yake inafika Kawambwa ikiwa imecheza dansi njia yote. Nikatoa nailoni. Halafu, kwa sababu maji ya chumvi yalianza kusimama mu gari kama kidimbwi, nikatoboa matundu mu sakafu yatoke yenyewe. Nilijisifu sana kwa akili ile. Nilimuonyesha kila mutu. Maji yalitoka kweli, moja kwa moja, juu ya eksozi yenye moto. Chumvi na moto, safari kwa safari! Chuma kililika kama biskuti mu chai. Na kila tukisimama gari ilikuwa inanuka bitoyo ya kukaanga, mbwa wa Kashikishi wanatusindikiza wakiwa na matumaini. Siku sailensa ilianguka, mbwa moja aliibeba.

Hapo njo nilipashwa kuchagua ingine, na hapo njo nilianza upumbavu wenye unaendelea mpaka leo kwenye majani.

Niliwaza hivi: mutu mwenye koo pana anapumua vizuri, basi gari pia. Kulikuwa na lori iliyokufa karibu na soko, na mwenyewe alinipa bomba yake bila shida. Ba Kalaba alishika ile shingo ya chuma, pale moshi inatokea mu injini, akaipima kwa vidole, akasema, "Papa, shingo ni ndogo. Hii bomba ni ya mutu mwingine." Nikamwambia weka. Akatengeneza kofia ya chuma ya kuunganisha shingo ndogo na koo kubwa, akachomea. Tukaijaribu palepale barabara ya ziwa, tambarare, gari tupu, madirisha wazi. Ilinguruma! Vijana walipiga makofi. Nikarudi nyumbani nikiwa kama gavana.

Unaona kosa? Niliijaribu tupu, na mahali hakuna mulima. Kati ya wale wenye kunipigia makofi hakuna mwenye alipakia hata kikapu kimoja.

Kiisha tukapakia. Tukafika mulima wa Kawambwa, vikapu mpaka juu, Bana Chanda kiti cha nyuma na jamaa zake, na gari ikaanza kulia kwa sauti kubwa na kutembea polepole, polepole, mpaka kipepeo kimoja kikatupita. Gia namba mbili, gia namba moja, kelele inapanda na sisi tunashuka.

"Papa Mado," Bana Chanda akasema, "hii kelele yote inaenda wapi? Sisi hatuendi."

"Ni petroli. Petroli ya siku hizi iko na maji."

"Juma ile ingine ulisema ni plagi."

"Plagi pia."

"Na mbele ya plagi ulisema ni mimi."

"Sikusema ni wewe, mama. Nilisema wa nyuma wapungue."

"Wa nyuma ni mimi!"

Akashuka. Wote wakashuka. Wakasukuma, na yeye na kitenge chake cha kanisa, akiongea Kibemba mingi yenye nilishukuru kutoielewa yote. Tulipofika juu nikaomba msamaha kwa niaba ya petroli.

Sasa najua kwa nini. Moshi ya injini inataka kutoka na mbio. Bomba ikipita kipimo cha injini, moshi inaingia mule na kupoa, inazubaa, inatembea kama mutu anayetoka matangani, na injini inakosa ile nguvu ya chini, ile unaihitaji kabisa ukipanda na muzigo. Injini ya lita mbili kasoro haiwezi kujaza koo ya lori. Wewe juzi uliyasema hayo kwa maneno machache, umesimama na ndizi mukononi, bila hata kuacha kutafuna. Njo kilichonichoma! Mimi niliyapata kwa kusukuma gari, na nilisukumisha wamama wa watu, na wewe umeyapata kwa kusoma tu. Nilipashwa kufurahi. Mutu anasomesha mutoto kwa nini, kama si asisukume? Lakini sikufurahi. Nilikuambia ndizi ile ni ya mama yako.

Bon. Baada ya ule mulima nilikasirika na kurukia upande mwingine. Ukitaka kunijua, ni vile. Mimi siko na katikati. Nikatoa bomba ya lori na kuweka ya kagari kadogo, nyembamba kama mukono wako wakati ule ulikuwa darasa la kwanza, na sailensa kubwa ya kimya. Gari ikanyamaza kama mutu mwenye kuiba. Mama yako akasema, "Sasa tumekuwa watu." Nikatoka asubuhi kwenda kuchukua samaki.

Nikapita Kabuta na hakuna mutu alinyanyua kichwa.

Unajua desturi ya wamama wa pale. Hawasimami barabarani kungoja gari. Nani atasimama kwenye jua wakati chisense yake, zile samaki ndogo, iko juu ya muchanga inaomba kugeuzwa? Wanabaki ku maji, wanageuza samaki, wanafua, wanagombana, na masikio yao njo yanasimama barabarani. Kila gari iko na sauti yake. "Huyo ni Papa Mado, anashuka kule kwa kanisa." Na mabeseni yanapanda. Ukifika, muzigo umekwisha kufika mbele yako, na mwenye muzigo anakutukana kwamba umechelewa. Mimi siku ile nilipita, nikageuka, nikapita tena. Wanawake kule chini, migongo yao kwangu. Nikafika Mwansabombwe na gari tupu.

Bana Chanda alikuja mpaka hapa nyumbani. Unaweza kuwa unakumbuka, ulikuwa unachambua maharagwe.

"Umeugua?"

"Nilipita, mama. Mara mbili."

"Haukupita. Mimi nilikuwa pale. Masikio yangu iko mazima."

"Nilipiga hata honi."

"Honi kila mutu iko nayo! Mimi nitajua aje ni wewe? Samaki yangu imelala, Papa Mado. Rudisha ile kelele yako."

Na kabla sijarudisha, ile bomba nyembamba ya kagari ikanilipa yenyewe. Moshi haikupata njia, ikarudi nyuma mu injini, injini ikachemka kama chungu cha mihogo, na karibu na Mofwe valve moja ikaungua. Nilikaa pale kando ya maji na watu wa nyavu, wakinipa samaki ya kuchoma na mashauri. Samaki ilikuwa nzuri.

Kwa hiyo nikarudi ku bomba ya lori. Na hapa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa njo pananiudhi hata leo. Katikati ya pana na nyembamba kulikuwa na kipimo cha kweli, kile cha kiwandani, kile ba Kalaba alishika kwa vidole siku ya kwanza. Mimi nilikiruka mara mbili, nikienda na nikirudi. Na upana wa bomba ni habari ya injini, lakini kelele ni habari ya sailensa. Ni vitu viwili. Mutu angeweza kuweka bomba ya kipimo chake na sailensa ya kulia kidogo, apande mulima na asikike Kabuta. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema mbele ya watu kwamba gari hii imezoea bomba ya lori. Nilisema kwa ba Kalaba, nilisema sokoni, nilimwambia hata pasta. Kila nikisema ilikuwa ngumu zaidi kurudi. Miaka yote hii nimepanda mulima ule kwa namba moja kwa sababu ya mudomo, na nikamwambia kila abiria ni petroli.

Na wewe ukaja juzi na kusema mbele ya viti vya majirani, "Papa, bomba ya lori ni ya lori." Sauti yako haikuwa hata mubaya. Mimi njo nilisema ile ingine: "Chukua basi, weka ile firimbi yako. Lakini usimwambie mutu ni gari ya Papa Mado." Ukasema, "Sawa, Papa. Nitasema ni yangu." Ukaingia ndani. Tangu pale, kama si bomba, tunaongea juu ya chumvi na kibiriti tu.

Nimezunguka na maneno yale siku hizi mbili. Nilijaribu kukasirika nayo na nikashindwa, sababu ni kweli. Ni yako. Nilikupa mimi, na kinywa changu, siku daktari wa macho alisema nisiendeshe tena giza ikiingia. Nilikupa mbele ya mama yako na tukala kuku. Lakini inaonekana nilikupa gari na nikabakisha eksozi.

Na tuseme ukweli, kazi yako hii ya kubeba maharusi inanishangaza. Mutu anatoka Kitwe anasema vijana wa kule wanalipa kwa furaha kubebwa siku ya harusi mu gari ya zamani. Zamani! Gari nilinunua ikiwa gari tu, kumbe nilikuwa nangoja ikuwe ya zamani. Bibi harusi na gauni nyeupe, akae pale Bana Chanda alikuwa anakaa na beseni. Umeosha viti na sabuni, umeosha na siki, umeosha na ndimu. Nimeingia leo kunusa. Sasa inanuka bitoyo yenye ndimu, na mimi nilisikia njaa. Lakini utaweza. Ulikuwa mutoto wa kuosha kitu mpaka kinakubali.

Nilikuwa na shauri, hata jana nililifanyia mazoezi peke yangu kule chooni: tuweke bomba yako na sailensa yangu. Injini ipate kipimo chake, na sauti ibaki. Nikaona ni akili sana. Kiisha nikawaza bibi harusi anashuka mbele ya kanisa, watu wanaangalia mawingu kama mvua inakuja. Nikalitupa kulekule chooni.

Wewe ulidhani nagombania bomba. Hata mimi nilidhani. Lakini leo nilikaa kando ya ile gari kukata bati, nitakuambia bati gani, na nikajiuliza kwa nini nakasirika hivi juu ya kitu chenye najua nimekosea. Ni kwa sababu kesho utapita Kabuta na sailensa yako ya kimya, na hakuna mutu atanyanyua kichwa. Mutoto wangu anaondoka, na pale wamama hawatasema, "Huyo anapita." Nilitaka wakusikie. Njo hivyo tu. Nilitaka barabara yote ijue. Na ni ujinga, sababu wakikusikia watapandisha mabeseni, na utapashwa kusimama, na utatoka hapa na vikapu vya bitoyo juu ya kiti cha bibi harusi, na mimi njo nitakuwa nimekufunga ku kazi yangu wakati unaenda ku yako.

Basi pita kimya. Samaki yao iko na gari zingine.

Kuko jambo moja tu lenye sitaki tubishane, na hapa sichezi. Unakumbuka ile siku ulitapika njiani, ulikuwa mudogo, ulilala nyuma katikati ya vikapu? Tulikupeleka kliniki, wakapima malaria, haikuwa malaria. Mama yako njo alinusa nywele zako na kuniangalia. Kiungo cha eksozi kilikuwa kimeachana chini ya gari, moshi inapanda kupitia matundu yangu ya akili mingi, na wewe ulikuwa unalala juu yake. Kwa hiyo: bomba ikiwa ya vidole viwili ao ya vidole kumi, viungo vyote ba Kalaba avifunge mpaka moshi itokee ku mukia tu, na mukia upite bampa ya nyuma, usiishie chini ya gari. Injini ikiwa inawaka apitishe mukono karibu na kila kiungo. Akisema haina shida, mwambie apitishe tena. Na mbele ya yote, achomee bati juu ya matundu ya sakafu. Mabati nimeyakata leo kwa kipimo, yako juu ya kiti cha mbele, ncha nimezipiga tupa zisikukate. Kule Kitwe ukisikia kichwa kinauma mu gari, usinywe dawa. Shuka, fungua milango, lala chini uangalie.

Na ijaribu na muzigo. Mbele ya harusi ya kwanza pakia watu wazito, wale wa kwaya wa kule wanaopenda kula, na utafute mulima. Mutu akikuambia pana ni bora, muulize injini yake ni ya ukubwa gani, kiisha muulize kama yeye njo atasukuma. Usibishane naye zaidi ya hapo. Mimi nilibishana na shingo ya chuma kwa miaka, na ile haikubadilika hata nywele moja.

Sasa nasikia mama yako anafunika sufuria, maana yake unakaribia.

Nimetuma neno kwa ba Kalaba kwamba kesho asiniulize mimi kitu. Alijibu kwamba anangoja kuona. Nitakuwa ndani. Nimemuomba mama yako afunge mulango kwa nje na akae na ufunguo, sababu najijua. Ukiniona ku dirisha nikionyesha na kidole, geuza uso. Ukisikia nikikohoa, acha nikohoe. Gari ikishuka kutoka juu ya matofali, na umeiwasha, na umesikiliza wewe mwenyewe na umeridhika, mwambie anifungulie. Nitakuja kukuaga tu, mutoto wangu. Mikono nitaiweka nyuma.

Papa yako